Mama anasikia ndege badala ya watu? Msimwache akivue kifaa cha usikivu

Dada, hongera na pole kwa pamoja. Kwa mnaoingia sasa hivi: mwenzetu anauliza kuhusu mama yake, aliyepoteza usikivu ukubwani baada ya homa ya uti wa mgongo. Amepandikizwa kifaa cha usikivu, kimewashwa wiki mbili zilizopita. Analalamika kwamba watu wote wanaongea kama ndege, kijiko kikigonga kikombe anaruka, na ikifika mchana anavua sehemu ya nje ya kifaa, ile inayoshikwa kichwani na sumaku, anaiweka kabatini. Wajomba wameshaanza kunung'unika kwamba mchango wao umeliwa.

Haujaliwa. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Masikio yangu yaliondoka na sindano za kanamaisini nilipotibiwa TB sugu, zile ambazo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuacha kuzipendekeza mwaka 2019. Nikaishi na ukimya miaka, shimesikio, vile vifaa vya kukuza sauti, hazikufua dafu, mpaka ukoo ulipochangishana nikaenda India kupandikizwa. Hayo anayosema mama nayajua yote, hata la kijiko.

Tuanze na hao ndege. Koklea, sehemu ya ndani ya sikio, imejisokota kama nyumba ya konokono. Sikio zima lina humo seli za nywele, zile zinazonasa sauti, kama 15,000, na zikifa hazioti tena. Kifaa kinaingiza humo waya mwembamba wenye elektrodi (vituo vidogo vya kutolea umeme) 12 hadi 22, kutegemea kampuni, unaogusa mshipa wa fahamu kwa umeme. Sauti nene hupokelewa kule ndani kabisa, mwisho wa msokoto, na mara nyingi waya haufiki huko. Kwa hiyo sauti nene ya mjomba inabishwa kwenye mlango uliozoea sauti nyembamba, ubongo nao unasoma kile ulicholetewa. Ukipewa muda unajirekebisha. Kwangu sauti ya kaka yangu ndiyo ilianza kushuka, nadhani kwa sababu hanyamazi. Leo ni ya mwanamume, ingawa bado ina ubatibati kidogo.

(Nje ya mada kidogo: Profesa Graeme Clark wa Australia, ambaye timu yake ilimpandikiza mgonjwa wa kwanza Melbourne mwaka 1978, alisumbuka sana jinsi ya kupenyeza waya kwenye mizunguko ile. Alipata mwanga akiwa ufukweni, akisukuma jani la nyasi ndani ya kombe la baharini. Sisi wa pwani tumechezea makombe utoto mzima na hakuna aliyewaza hivyo.)

Sasa kelele, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wewe hapo ulipo friji linanguruma, feni inazunguka, jirani anasugua sufuria, na husikii hata kimoja, kwa sababu ubongo wako ulishaamua zamani kwamba havina habari. Mama hana tena hayo maamuzi. Kila mlio unamjia ukiwa mgeni na una haraka, na kifaa chenyewe kwa jinsi kinavyofanya kazi kinainua sauti ndogo na kubana kubwa, basi karatasi ya maandazi ikikunjwa mezani inaweza kumkera kuliko lori linalopita nje. Jioni kichwa kinamuuma kwa uchovu wa kuhoji kila kitu, wala hadeki.

Dawa yake ni kumtambulisha sauti moja moja, kwa macho. Mchukue mjukuu mmoja mwenye subira, azunguke na bibi nyumba nzima. Afungue bomba, bibi atazame maji yakidondoka kwenye ndoo, asikie. Kisha afumbe macho asikie tena. Washa na kuzima swichi, vuta kiti kwenye sakafu, buruta ndala kwenye vigae. Jikoni ndiko kuna shule yenyewe: kitunguu kikitua kwenye mafuta ya moto kinatoa mlio mkali, halafu kikianza kuiva sauti inalainika, na mtu aliyepika maisha yake yote ataijua tofauti hiyo mapema kuliko atakavyoyajua maneno yako. Sauti ikishapata mwenyewe, inaacha kuuma. Mimi kazini nilichukia sana mlio wa cherehani, ulikuwa kama mtu anamwaga misumari. Sasa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikikaribia kuisha nasikia mlio unavyokuwa mwepesi na wa kutetereka, nasimamisha kabla sijashona hewa. Nilipokuwa kiziwi nilikuwa nagundua nikishamaliza mshono.

Kuna sauti ambazo hazitakaa vizuri haraka, bora ajue. Mvua kwenye bati ni mojawapo. Inagonga elektrodi zote kwa mpigo, na wakati inanyesha usitegemee asikie neno. Muziki wa ala nyingi pia. Taarabu niliyoipenda mpaka leo ni fujo, naambulia ngoma na maneno ninayoyajua kwa moyo. Kwa sababu hiyohiyo mpeni vitu anavyovijua: tenzi, sura anazozikumbuka, sala za kila siku. Taarifa ya habari ya redioni nayo ni nzuri, mtangazaji mmoja kwenye studio kimya. Mazungumzo ya sebuleni yenye shangazi watatu wanaokatizana msiyahesabu kama mtihani. Mwenye kusema akae mbele yake, uso kwenye mwanga, aongee kawaida. Kumpigia mtu kelele kwenye kifaa kunaharibu maneno tu.

La barabarani naomba lichukuliwe kwa uzito. Kwa sikio moja mtu anasikia honi lakini hajui imetoka wapi. Bodaboda ikipiga honi nyuma, mama anaweza kugeuka upande usio sahihi na kuingia mbele yake. Mimi nikisikia honi nasimama kwanza, natazama pande zote, ndipo nachukua hatua. Siku hizi za mwanzo asivuke barabara peke yake hata kama anajisikia yuko vizuri.

Kuhusu kuvua: usiku na wakati wa kuoga avue, vinginevyo kikae kichwani toka asubuhi. Ubongo hauzoei kitu kilicho kabatini. Akichoka, mpeleke chumba kimya akapumzike nacho kikiwa kimewashwa. Kama anasema kinauma kwa ukali wa sauti, usimwambie avumilie, mrudishe kwa mtaalamu wa usikivu apunguze viwango. Kwa kawaida kifaa hakipangwi siku moja kikaisha. Wataalamu huanza chini na kupandisha, mara nyingi wanakuwekea programu kadhaa ndani yake, ya kwanza ya upole na inayofuata ina nguvu zaidi. Muulizeni mama yuko programu ya ngapi, kuna watu wanaruka hadi ya mwisho kwa kubonyeza bila kujua. Hata akiwa amepandikizwa nje, ulizeni Muhimbili kuhusu ufuatiliaji. Wao wanapandikiza vifaa hivi tangu 2017.

Ila haya si ya kusubiri tarehe ya kliniki: ngozi chini ya sumaku kuwa nyekundu au kuvimba, usaha, kizunguzungu kikali, homa yenye shingo kukaza. Hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari ana kifaa kichwani, maana kuna sumaku ndani, na kipimo cha MRI, kinachopiga picha za mwili kwa sumaku kubwa, hakifanywi kiholela. Uso ukichezacheza kila akisikia sauti, hilo mtaalamu hurekebisha kwenye programu, lakini aambiwe.

Wajomba waambie waje mmoja mmoja, wakae naye nusu saa, wamsimulie habari za zamani anazozifahamu. Ndiyo mchango wanaoweza kuendelea kuutoa.

Halafu nijibu mawili: kifaa chake kinatumia betri za kutupa au za kuchaji, na mlipewa kile kikopo cha kukaushia unyevu? Kwa joto hili na jasho chini ya mtandio, kinaweza kuwa kinakatakata na yeye anadhani ni masikio.