Mgeni haendi na sufuria yake

Mwanangu Zuwena,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, lakini jibu naliandika, maana kwa simu utanikata kauli. Umeuliza: mkishuka meli Tanga, wewe na mumeo mkodi gari au mpande basi mpaka Lushoto? Mie nakuuliza: umefunga chakula gani? Kama umeshaanza kumimina mikate ya safari, acha. Mgeni haendi na sufuria yake.

Hadithi ya Soni, ule mji mdogo wa njiani kabla ya Lushoto, umeisikia kwa babako tu. Sasa sikia yangu.

Toka Tanga mpaka Korogwe ni mkonge kulia na kushoto, na jua la kukaushia dagaa. Ukifika Mombo ndipo unapoanza kupanda, kilomita kama 33, mto kule chini, mwamba huku ubavuni, kona juu ya kona. Kwetu Wete, Pemba, mlima ni kile kinachomtoa punda jasho. Lushoto iko juu kama mita 1,400. Masikio yaliniziba. Na kikapuni nina mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga wa tangu nyumbani, ambao kwa joto la Korogwe walishaanza kutoa harufu.

Soni tukafikia kwa yule mwalimu aliyewahi kusomesha kwetu. Mkewe katupikia ugali, maharage yaliyopikwa na viazi, na kabichi aliyoikata nyembamba kama uzi. Nikamwambia, "Nimeshiba, dada." Nimeshiba! Kisha nikafungua kikapu changu mbele yake. Babako akanikanyaga mguu. Yule mama hakusema kitu. Aliifunika sahani yangu kwa sahani nyengine, akafuta ukingo wake kwa upindo wa kanga, akaondoka nayo. Upindo ule mpaka leo nauona.

Kona zilinichafua tumbo, hilo ni kweli. Lakini mkate niliula, tena kwa tumbo lile lile. Basi tumbo tusilisingizie.

Asubuhi, baridi ya kutetemesha meno, nikamkuta jikoni ameyapasha moto maharage yale yale. Hakuniuliza kama nataka. Akanimiminia chai, akaniwekea sahani. Kiporo, mwanangu! Viazi vimevurugikia humo, moshi wa kuni umeingia mpaka ndani. Nilikula nikakwangua sahani, naye akacheka. Tangu siku hiyo kila nikisema nimeshiba, babako, Mungu amrehemu, akijibu, "Kama Soni?" Wewe ulipokuwa mdogo ukidhani Soni ni chakula.

Sasa hilo la gari. Siwaamulii, nyie watu wazima. Dereva wa basi njia ile ameizoea; mumeo kazoea barabara ya Chake. Ila basi halikusubiri utazame maporomoko ya Soni, wala halisimami kwa kila mwenye ndoo ya plamu. Na Irente, pale unapochungulia ukaiona Mazinde chini kabisa, utafikaje? Mkikodi, mchukue na dereva wa huko huko. Sijasema mkodi.

Nimemwagiza halua fundi wa hapa Wete, kilo mbili. Moja yenu, moja ya yule mama wa Soni, kama yu hai. Mkumbushe ni mimi, yule wa kikapu. Na usiniambie halua ni chakula cha safari. Halua ni zawadi.

Mamako