Mswada ukishapita, bado ni mswada?

Swali: Ninahariri makala kuhusu haki za raia nchini Marekani. Mwandishi ameandika "Mswada wa Haki wa 1791", na anasema ndivyo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inavyompa. Mimi sauti ya "mswada" hapo inanikera ila sijui sababu. Halafu, ni mswada au muswada?

Jibu: Sikio lako liko sawa. Kamusi imempa mwandishi neno, lakini kitu anachokizungumzia si mswada.

Neno hili tumelitoa Kiarabuni, kwenye mzizi wa weusi. Ni ukurasa uliojaa wino, wenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyochomekwa pembeni, kabla haujanakiliwa upya. Nakala safi nayo Waarabu huipa jina la mzizi wa weupe. Ndiyo maana kitabu ambacho hakijapigwa chapa tunakiita mswada, na kikishachapwa hakuna anayesema amenunua mswada dukani. Bungeni ni vivyo hivyo: mswada ni andiko linalosubiri uamuzi.

Sasa tazama Marekani. Mwaka 1789 Kongresi ilipendekeza marekebisho 12 ya Katiba. Majimbo yakaridhia 10, yakaingia kwenye Katiba tarehe 15 Desemba 1791. Tangu siku hiyo hakuna kinachosubiriwa, na kuyaita mswada ni kumwambia msomaji kwamba haki hizo bado zinajadiliwa. Kiingereza kimelibakiza neno la zamani, "bill" yaani mswada, katika jina "Bill of Rights" kwa mazoea tu, kama kilivyofanya kwa sheria ya England ya 1689. Sisi mazoea hayo hatuna. Andika "Hati ya Haki", au "marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba ya Marekani", ambayo ni ndefu lakini naipenda zaidi kwa kuwa inataja kitu chenyewe. Ile ya England iite "Sheria ya Haki ya 1689".

(Si kila jina la ajabu ni la kurekebishwa. Katiba ya Ujerumani ya 1949 inaitwa Sheria ya Msingi kwa makusudi, kwani walioiandika waliiona ya muda hadi nchi iungane. Hilo liache lilivyo, kisha eleza kwamba ndiyo katiba yao.)

Panapoteleza wengi zaidi ni kwenye ile saa ambayo mswada unageuka sheria. Kupitishwa na wabunge hakutoshi. Bunge la Kitaifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha wa 2024 tarehe 25 Juni, kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Anayeandika "Sheria ya Fedha ya 2024 iliyopingwa na vijana" anataja kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Tanzania nako, ibara ya 97 ya Katiba inataka kibali cha Rais. Lakini usifanye saini kuwa kipimo cha dunia nzima. Marekani, Rais akikaa na mswada siku 10, bila kuhesabu Jumapili, pasipo kuusaini wala kuurudisha huku Kongresi ikiwa vikaoni, unakuwa sheria hivyo hivyo. Na sheria iliyokwisha kusainiwa huenda isiwe imeanza kutumika: Kenya, kama sheria yenyewe haikutaja tarehe nyingine, huanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti la Serikali.

Ukiwa na shaka, pima kwa kitenzi. Mswada huwasilishwa, husomwa, hupendekeza, hupitishwa, huondolewa. Sheria huamuru, hukataza, hufutwa na Bunge, hubatilishwa na mahakama. Sentensi kama "mswada unamfunga mkosaji miaka mitano" imekosea, maana mswada haujaweza kumfunga mtu, unapendekeza afungwe. Na ukisoma "mahakama imebatilisha mswada", rudi kwenye hukumu uone walichobatilisha; mara nyingi ni sheria, au vifungu vyake kadhaa tu.

Kwa kuwa unahariri, angalia pia ibara na kifungu. Katika matumizi ya Bunge la Tanzania, muswada una ibara. Ukiwa sheria, ibara hizo huitwa vifungu. Katiba yenyewe hubaki na ibara. Hivyo mjadala wa "ibara ya 6 ya Muswada" baadaye unanukuliwa kama "kifungu cha 6 cha Sheria", na namba yenyewe inaweza kuwa imesogea iwapo ibara iliongezwa au kuondolewa kwenye Kamati ya Bunge Zima. Usinakili namba kutoka kwenye muswada bila kulinganisha na sheria iliyochapishwa.

Kuhusu tahajia, zote mbili ni sahihi. Tanzania huandika "muswada", Kenya "mswada", na wingi wa zote ni "miswada", upatanisho wa U-I: mswada huu umepita, miswada hii imepita. Chagua moja kwa makala nzima, isipokuwa unaponukuu jina rasmi la muswada wa nchi nyingine. Hapo liache kama lilivyochapishwa.