Junkanoo ni ya kukesha na wageni wako

Swali lenu la wiki hii, la sikukuu gani ya mwisho wa mwaka tuliyoifurahia zaidi pamoja na ndugu waliotutembelea ugenini, nalijibu bila kusita: ni Junkanoo ya Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ninakoishi na mume wangu, na ambako mama na mjomba walitujia kutoka Tanga kwa ajili ya Krismasi.

Kanivali hii hufanyika tarehe 26 Desemba na tarehe 1 Januari, ikianza usiku wa manane na kuendelea hadi jua limekwisha kuchomoza. Ilizaliwa katika siku chache za mapumziko ambazo watumwa wa Kiafrika walipewa wakati wa Krismasi, wakazitumia kucheza ngoma zao, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Makundi makubwa, kama vile Valley Boys, Saxons na One Family, huficha mada za maonyesho yao hadi usiku wenyewe, kwa hiyo kuruhusiwa kuingia katika banda la kundi moja, kupitia kwa shemeji yangu anayepiga kengele humo, ilikuwa heshima kubwa. Mavazi hutengenezwa kwa maboksi yaliyokatwa na kufunikwa, safu juu ya safu, kwa karatasi laini za rangi zilizochanwa kingo zake ziwe mashada membamba, kila safu ikibandikwa kwa gundi kwa mkono. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alipitisha kidole kwenye bega la vazi moja akitafuta mahali palipoungwa, asipaone, kisha akaomba mkasi. Alikaa akichana karatasi pamoja na wanawake wa pale mpaka tukamwomba twende akalale kidogo.

Usiku, karibu na Shirley Street, wapigaji waliwasha moto ili kukaza ngozi za mbuzi zilizowambwa kwenye mapipa. "Mwanangu, kumbe na huku wanaipasha ngoma!" alisema mjomba, aliyekuwa mpigaji hodari ujanani mwake. Alimsogelea kijana mmoja, akaigonga ngozi kwa vidole, akaashiria kuwa bado, na yule kijana akairudisha motoni kwa adabu zote.

Viti vya Rawson Square, uwanja ulio kando ya Bay Street, barabara ambako makundi hupita, vina sifa zake, kwa kuwa huko kundi hujitahidi zaidi, lakini mimi huwashauri wenye wageni wasimame barabarani, mahali ambapo mshindo wa ngoma, kengele za ng'ombe na tarumbeta hukufikia kifuani kabla hujamwona mchezaji hata mmoja.

Asubuhi tulikula samaki wa kuchemsha na mkate wa johnny cake huku tukibishana kuhusu mshindi, mama akiwatetea watu wa banda lake, mjomba akiwasifu wapinzani wao kwa ngoma. Siku ya Mwaka Mpya tulirudi Bay Street, kila mmoja akishangilia kundi lake.