Chaja ya seli 13: anza na umeme uliokwisha kutengwa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujisukia transfoma ya chaja ya baiskeli ya umeme, betri ya lithiamu yenye seli 13 na uwezo wa Ah 10. Inawezekana, ila naomba sana usianzie hapo. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa (kugeuzwa kutoka AC kuwa DC) unafika karibu volti 325, na kapasita kubwa huushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Niliwahi kufumua transfoma ya chaja ya bei poa: kati ya waya wa upande wa ukutani na ule wa upande wa betri palikuwa na tabaka moja tu la utepe wa njano, tena limejikunja pembeni. Utepe huo ukichanika, ukishika betri umeshika umeme wa ukutani.

Chukua adapta nzima ya laptopu, volti 19, wati 65. Hiyo imeshatengwa kiwandani, yaani upande wa kutoa umeme haujaungana na umeme wa ukutani. Mbele yake funga moduli ya kupandisha volti yenye skrubu mbili, ya volti na ya ampea. Kabla ya kugusa betri, pima kwa mita mpaka isome 54.6, yaani volti 4.2 za kila seli iliyojaa mara seli 13. Ampea weka 1 tu, zaidi ya hapo adapta itazidiwa. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, na dayodi ili betri isirudishe umeme kwenye moduli.

Mkondo ukishuka hadi nusu ampea, chomoa. BMS (saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) usiitegemee ikukatie kila siku, hiyo ni breki ya dharura.