Mtoto wa kaka ana tetekuwanga na wifi ameniomba nikae naye: jibu langu kwa mleta uzi

Dada mleta uzi, kabla hujamjibu wifi yako chochote, mpigie simu daktari anayemtibu mama yako mnayeishi naye. Mpigie leo hii. Umeandika kwamba mtoto alikuja Jumapili kumsalimia bibi yake, akashinda naye sebuleni, na vipele vikaonekana Jumatatu asubuhi. Waliotangulia wamebishana kama ukubali au ukatae kukaa naye, na hilo nitalifikia, lakini wengi wamelipita hili: tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja hadi mbili kabla kipele cha kwanza hakijatokea. Jumapili ile mtoto alionekana mzima, anacheza, na tayari alikuwa anaambukiza. Mama yako yuko kwenye matibabu ya saratani na alikuwa naye chumba kimoja.

Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, tetekuwanga huweza kuingia kwenye mapafu na ini, na hapo si ugonjwa wa kujikuna tena. Ipo sindano ya kingamwili ambayo hutolewa kwa watu kama yeye baada ya kukutana na mgonjwa, mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni siku 10 tangu siku walipokutana. Zipo pia dawa za kupambana na virusi vyenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kipi kinafaa na kama apimwe damu kwanza. Mama akisema "mimi niliugua nikiwa mdogo", mwambieni daktari hilo pia, lakini asiliamue yeye mwenyewe hapo nyumbani. Na msimpeleke tu kliniki akakae kwenye foleni: pigeni simu kwanza waseme aingilie wapi, kwa sababu kama amepata virusi, kuanzia siku ya 8 mpaka ya 21 anaweza kuwaambukiza wagonjwa wenzake ambao nao kinga zao ziko chini.

Kuhusu mwanao wa miezi mitano: kwa kuwa wewe uliugua tetekuwanga utotoni, alizaliwa na sehemu ya kinga yako. Kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo usiihesabu kama ngao kamili. Waulize wa kliniki yake wakati huohuo.

Sasa swali lako.

Nimefanya kazi ya kulea watoto wa watu kwa miaka mingi, nyumbani kwao na nyumbani kwangu, na ombi la namna hii nimelipata kwa kila sura: mzazi analia kwenye simu, mzazi anakasirika, mzazi anaficha. Kitu nilichojifunza kukitazama kwanza ni njia ambayo ugonjwa ungepita kutoka kwa mtoto yule mpaka kwa mtu dhaifu kuliko wote nyumbani kwangu. Mara nyingine njia hiyo haipo kabisa, na nikikataa nakuwa nimemwacha mzazi peke yake bila sababu. Mara nyingine njia ni mimi mwenyewe.

Kwako, njia inategemea mahali. Wewe uliugua, una uhakika, na umesema bado una kovu kwenye paji la uso. Mtu aliyekwisha kuugua tetekuwanga karibu kila mara haugui tena, na ni nadra sana virusi hivyo kubebwa kwa nguo au mikono ya mtu mwenye kinga mpaka kwa mwingine. Huenea kwa hewa anayopumua mgonjwa na kwa maji ya malengelenge. Kwa hiyo wewe kwenda kwa wifi yako, ukakaa na mtoto kule, ukabadilisha nguo na kunawa kwa sabuni ukirudi, ni jambo ambalo mimi ningelifanya, mradi umempigia daktari wa mama na hajakukataza. Mtoto kuletwa kwako ni jambo jingine kabisa. Hilo nakataa bila kusita, hata kwa saa moja, hata akifungiwa chumba cha peke yake. Na ugonjwa huu una tabia mbaya: yule anayeupata kwa kuishi nyumba moja na mgonjwa mara nyingi huugua kwa ukali zaidi ya yule wa kwanza.

Kuna mchangiaji amesema "kwa kuwa walishakutana Jumapili, mwacheni tu aje, haidhuru." Tafadhali usimsikilize. Inawezekana Jumapili ile mama hakupata kitu. Mkimleta mtoto akiwa na malengelenge mabichi mwili mzima, mnampa mama nafasi ya pili ya kuambukizwa, ndefu kuliko ile ya kwanza.

Utakapokuwa kule, haya ndiyo ya kushika. Mtoto asiye na chanjo huweza kutoa vipele 250 hadi 500, navyo hutoka kwa mafungu kwa siku kadhaa, kwa hiyo usishtuke ukiona vipya wakati vya jana vinakauka. Kata kucha zake mapema, maana madhara mengi yanayotokea kwa watoto wenye tetekuwanga huanza pale ambapo kucha chafu imechana lengelenge na vijidudu vingine vikaingia. Homa ikipanda mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. ASPIRINI ASIPEWE kabisa: kwa mtoto mwenye tetekuwanga au homa ya mafua inaweza kuleta ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iwekeni pembeni mpaka daktari aseme, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi kwenye tetekuwanga. Muulize wifi amempa dawa gani na saa ngapi, aandike kwenye karatasi, akuachie. Nimewahi kukuta mtoto ameshapewa dawa ileile na watu wawili tofauti asubuhi moja, kila mmoja akidhani ni wa kwanza.

Ngozi inayozunguka kipele ikiwa nyekundu, ya moto na inauma, au mtoto akiyumba akitembea, akichanganyikiwa, akikaza shingo, akipumua kwa shida, akishindwa kunywa, mpeleke hospitali papo hapo, na wifi umpigie mkiwa njiani. Kubalianeni hilo kabla hajaondoka kwenda kazini, ili usipoteze nusu saa ukitafuta ruhusa.

Wengi humu mnasoma mkiwa na magonjwa mengine vichwani, na jibu la tetekuwanga msilibebe mkalitumia kote. Surua inafanana nayo kwa maana kwamba aliyechanjwa kikamilifu au aliyeugua anaweza kukaa na mgonjwa bila hofu kubwa. Lakini ni kali kuliko zote kwa kuenea: virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, 9 hupata. Huambukiza siku 4 kabla ya vipele na siku 4 baada yake. Kichanga ambaye hajafikia umri wa chanjo yake ya kwanza, ambayo nchi nyingi huitoa kwenye miezi 9 au 12, hana pa kujificha. Kama huna uhakika wa chanjo zako, usiende.

Kifaduro ndicho kinachonitisha zaidi, kwa sababu kinawadanganya watu wazima wanaojiamini. Kinga yake huisha. Uliugua utotoni, ulichanjwa utotoni, bado unaweza kukipata ukubwani kikaonekana kikohozi cha kawaida tu, ukaenda nacho kwa kichanga ambaye kwake kikohozi hicho humfanya aache kupumua. Mdogo wangu alipokuwa amejifungua na anaishi kwangu, niliombwa nikae na mtoto aliyekuwa na kifaduro, mtoto ninayempenda sana, na nilikataa. Mama yake alinuna. Nilimwambia waziwazi kwamba kuna kichanga ndani, na kwamba mtoto akimaliza siku 5 za antibayotiki aliyoandikiwa, nitakuwa mlangoni kwake. Nilikwenda kweli. Uhusiano haukufa.

Kuhara na kutapika kwa virusi, hapo njia ni mikono yako, na kinga ya kuwahi kuugua haikusaidii sana kwa sababu mtu huugua tena na tena. Kiasi kidogo mno cha virusi kinatosha. Kitakasa mikono cha spiriti hakifui dafu mbele ya norovirusi, moja ya virusi vinavyoleta kuhara na kutapika huko. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sehemu zilizochafuka zisafishwe kwa dawa yenye klorini. Nyumba zote nilizoona ugonjwa huo ukipita mtu hadi mtu, ulianzia kwenye nepi iliyobadilishwa haraka na mikono iliyofutwa badala ya kunawa. Ninachoshika mimi: sichukui mtoto mpaka saa 48 zipite tangu alipoharisha au kutapika mara ya mwisho, kama kwangu kuna mtoto mdogo au mzee. Kama niko peke yangu na nina nafasi ya kuugua, nakwenda kwao.

Homa ya mafua ni hivyohivyo, njia ni wewe. Upele wa kuwasha, macho mekundu, chawa: hivi vinasumbua lakini vina dawa, jadilianeni tu mtoto aanze tiba kwanza. Matumbwitumbwi, subiri siku 5 tangu mashavu yavimbe.

Mjamzito ambaye hajui kama aliwahi kuugua tetekuwanga asikae na mtoto mwenye tetekuwanga, na asiyejua kama ana kinga ya rubela akae mbali na rubela. Apimwe damu kwanza, kipimo kipo. Hili lisimlinde tu aliye na tumbo kubwa, kwani kwa rubela hasa, miezi ya mwanzo, ambayo mimba haionekani na pengine haijatangazwa, ndiyo yenye hatari kubwa kwa kiumbe. Wazazi, mnapomwomba msichana akae na mtoto mgonjwa, mtajieni ugonjwa kwa jina na mumwachie njia ya kukataa bila kueleza sababu. Huenda ana sababu ambayo hajamwambia mtu.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaoniuma. Watoto wananyimwa walezi kwa magonjwa yasiyoambukiza hata kidogo. Pumu haiambukizi. Kifafa hakiambukizi, wala mate ya mtoto aliyeanguka kifafa hayakupi kifafa. Selimundu huzaliwa nayo. Maumivu ya sikio hayaruki kwenda sikio la mwingine. Malaria inahitaji mbu, huwezi kuipata kwa kumbeba mtoto. Na mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi, kumlisha, kumwogesha na kulala naye kitanda kimoja hakukuambukizi. Nimekaa na watoto wa namna hiyo ambao ndugu walikuwa wakiwatazama kwa mbali kama moto, na wanatambua, hata wale wadogo.

Na nyie mnaompa mtoto dawa ya homa alfajiri ili afike kwa mlezi akiwa wa baridi: dawa huisha nguvu baada ya saa 4 hadi 6, na mchana tunabaki na mtoto anayewaka na wenzake wanne waliokwisha kula naye sahani moja. Ilinitokea kwa mzazi niliyemwamini. Tangu hapo huwa nauliza hivi: amemaliza saa 24 bila homa na bila dawa ya homa? Anayejibu kwa kuzunguka, mtoto wake simpokei siku hiyo. Najua wengi hufanya hivyo kwa kuogopa kupoteza kazi, na inanisikitisha, lakini ukiniambia ukweli naweza kuja kwako. Ukinificha, unanifanya niambukize nyumba nyingine.

Turudi kwa wifi. Umesema unaogopa ataona unamtenga mtoto wake. Mtumie ujumbe ukishaongea na daktari, na mwandikie hivi, kwa maneno yako: "Wifi, mtoto asije nyumbani kwa sababu ya mama na mtoto mchanga, daktari amekataza. Mimi niliugua zamani, nitakuja huko mwenyewe kesho kabla hujaondoka. Niandikie dawa anazotumia." Mtajie siku na saa kabisa. Kama daktari atasema hata wewe usiende, mwulize ni kina nani upande wenu waliokwisha kuugua, kaka yako aliye safarini naye awapigie hao simu, na wewe uchukue kazi nyingine isiyo ya kukaa chumbani na mtoto: kufuata dawa, kuzifikisha mlangoni, kuongea naye kwa simu ya video wakati mama yake anapumzika.

Mtoto akitaka kurudi kumwona bibi, asubiri mpaka vipele vyote viwe vimekauka na kufanya gamba, pasiwe na kimoja chenye maji. Mara nyingi ni kama siku 5 baada ya vipele kuanza, wengine zaidi, kwa hiyo tazama ngozi kuliko kalenda. Mama yako hesabuni siku 21 tangu Jumapili, na 28 kama atapewa ile sindano, kwa kuwa huweza kuchelewesha ugonjwa kujitokeza. Kipele chochote au homa ndani ya muda huo, simu kwa daktari hata kama ni usiku.

Ukishampata daktari rudi hapa utuambie amesema nini kuhusu mama. Nitakuwepo jioni hii.