Tivi yako haina shida, ni rangi ya filamu

Kaka wa Malindi unaeuliza mbona filamu ya The Matrix ya kaseti ya zamani na hii ya diski hazifanani rangi, usipeleke tivi kwa fundi bana utaliwa pesa bure. Ilipotoka 1999 haikua kijani hivo, ile diski ya Blu-ray ya 2008 ndo imekolezwa kijani mpaka ngozi za watu, alafu 2018 ikatengenezwa upya kwa 4K (picha yenye nukta nyingi zaidi), mpiga picha wake Bill Pope akisimamia rangi, ikarudi karibu na ya mwanzo. Tafuta hiyo. Ila chunga filamu zilosafishwa chembe (vile vidoadoa vya asili vya filamu) kupita kiasi, sura zinakua kama nta, mi bora chembe zibaki. Na kwanza zima ile modi ya rangi kali kwenye tivi, huku kwetu Lamu kila tivi ya mkahawa imewekwa hivo, watu wang'aa utasema wamepakwa samli.