Mistari miwili kwenye kijiti cha kupimia maji ya kisima

Dada, usiogope. Mistari miwili iliyokolea kwenye kijiti chako cha kupimia atrazini, dawa ya kuua magugu shambani, haimaanishi kisima kina sumu. Ni kinyume chake. Kipimo hiki hakisomwi kama kile cha mimba. Ndani yake kuna kingamwili, yaani protini, zenye rangi zinazonasa atrazini. Maji yakiwa na dawa hiyo, kingamwili hushikana nayo mapema, hazibaki za kunata kwenye mstari wa kipimo, na mstari hufifia au hupotea. Ule mstari mwingine, wa kuthibitisha kwamba kijiti kinafanya kazi, lazima uonekane. Usipoonekana, kitupe.

Kinachonisumbua ni kwamba ulichota kiangazi. Kisima kikipakana na shamba la mahindi, pima tena baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuatia kupulizia dawa ya magugu. Tumia chupa safi ya kioo, na usipime maji yaliyotiwa klorini.

Soma pia karatasi ya maelekezo ujue kijiti kinaanza kuonyesha kiwango gani. Marekani inaruhusu mikrogramu 3 za atrazini kwa lita ya maji ya kunywa, Ulaya 0.1 tu. Kijiti cha Marekani kinaweza kukuonyesha salama kwa maji ambayo Ulaya wangeyakataa. Na hakipimi nitrati za mbolea wala glaifoseti, dawa nyingine ya magugu.

Mstari wa kipimo ukififia, peleka maji maabara yathibitishwe, maana kingamwili hunasa hata kemikali za jamii moja kama propazini. Wakati unasubiri, watoto wanywe maji ya kwingine. Kuchemsha hakuondoi atrazini.